Uliza Fundi wa Mito: Maganda ya soba na shingo yako

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba siku hizi nalalia mto uliojazwa maganda ya soba, mbegu zinazoliwa Japani, si sufi. Sikutarajia kishindo kilichofuata. Barua na ujumbe wa simu vimekuja kutoka Tabata hadi Kigamboni, na wengine wamenifuata mpaka kibandani kwangu Ilala wakitaka kuugusa kwa mikono yao. Leo nimeacha maswali mengine yote, najibu ya mto huo tu.

*

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani, Tabata. Kutwa nimeinamia mashine, na asubuhi naamka shingo imekaza, siwezi kuangalia nyuma mpaka nigeuze mwili mzima. Mdogo wangu yuko Japani, anasema huko watu wanalalia mito ya maganda tangu enzi za mababu na shingo zao ziko salama. Ni kweli, au nitakuwa nimelalia gunia la mchanga? Na joto letu hili la Dar litakuwaje?*
Fundi mwenzako, Tabata

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mimi pia riziki yangu nimeitafuta nikiwa nimeinama, kwa hiyo hiyo shingo unayoisema naijua.

Nilipataje mto huu? Kulikuwa na mama mmoja wa Kijapani niliyekuwa namshonea mapazia, Msasani. Alipofungasha kurudi kwao aliniachia mito miwili midogo, kila mmoja sentimita 50 kwa 35. Nilipoinua wa kwanza nilishtuka kwa uzito. Niliuweka kwenye mizani ya dukani kwa jirani, ukapita kilo 2. Mto wa fiba wa ukubwa ule ungekuwa hata kilo haufiki. Ubavuni una zipu. Nikaenda nao uani, nikafungua, nikamwaga maganda kiasi kwenye ungo.

Ngoja nikueleze nilichokiona, maana hapo ndipo jibu lako lilipo. Ganda moja ni dogo kama punje ya mchele iliyokatwa nusu, rangi ya kahawia iliyokolea inayokaribia weusi, na lina pande tatu. Mbegu ilipotolewa, ganda limepasuka kwenye kona zake likabaki limefunguka, kama tumba la ua linaloanza kuchanua. Ndani hamna kitu, ni hewa. Nilipopuliza kidogo, yakaruka nje ya ungo. Nikalibana moja kati ya kidole gumba na cha shahada: likakubali kubonyea, nilipoachia likarudi. Nikachota kiganja kizima nikakifinya: yakashikana kona kwa kona, yakatulia, hayakuchuruzika kama mchanga. Kwa hiyo hilo la gunia la mchanga liondoe moyoni. Mchanga hauna hewa ndani wala haubonyei.

Zao lenyewe Wajapani wanaliita soba, nasi tukitaka kulipa jina tuseme bakwiti. Wazungu wanaliita kwa jina lenye neno ngano ndani yake, lakini si ngano hata kidogo, wala halimo kwenye ukoo wa nyasi kama mpunga na mtama. Warusi wanapika uji wake, wanauita grechka. Hapa mjini, kama una jirani Mhindu pale Upanga au Kisutu, muulize habari za kuttu: ndio huo huo unga, wanaula wakati wa mfungo wa Navratri. Wajapani wanasaga mbegu kutengeneza tambi, na maganda yanayobaki ndiyo wanayajaza kwenye mito. Mto wa namna hiyo wanauita sobagara.

Sasa shingo yako. Sponji kila ukiigandamiza inataka kurudi juu, hivyo usiku kucha kichwa kinasukumwa. Mto wa fiba uliochoka ni kinyume chake: unalala juu ya mto, saa nane usiku uko juu ya godoro. Maganda yanasogea pale unapoweka kichwa, yanajaa chini ya shingo, halafu yanashikana na kubaki hapo mpaka ugeuke. Ukigeuka, unayapanga upya kwa kuusukuma mto kidogo na kiganja. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Lakini mto huu ukiwa na kimo kisicho chako utakuumiza kuliko huo ulionao, maana haubonyei kama sponji ukakusamehe. Kwa hiyo pima. Simama ubavu ukutani, bega liguse ukuta, kichwa kiwe wima, umwambie mwenzio apime kwa futi kamba kutoka ukutani mpaka shavuni, usawa wa sikio. Hicho ndicho kimo ambacho mto unatakiwa kukijaza ukilala ubavu. Mimi nilipata inchi 5. Toa kidogo kwa ajili ya godoro, kwa sababu bega linazama: godoro likiwa laini toa zaidi, likiwa gumu toa kidogo sana. Anayelala chali anahitaji mto wa chini kuliko huo, ujae shingoni na upungue kisogoni. Anayelala kifudifudi namshauri asiununue kabisa, shingo yake itakunjwa kwa nyuma.

Ukishajua kimo, fungua zipu. Toa kikombe kimoja cha chai, ulalie usiku 2 au 3, ndipo uamue kutoa kingine au kurudisha. Mimi nilitoa vikombe 4 kwa muda wa wiki 2 ndipo nikafika. Usiku wa kwanza niliuona mgumu, sikio likauma. Wiki ya pili nilimpa dada yangu mto wangu wa zamani.

Joto: hewa inapita kati ya maganda, kwa hiyo mto hauhifadhi joto la kichwa kama sponji. Hautakupoza kama maji ya mtungini, mtu akikuambia hivyo anakuuzia maneno. Ila Februari, usiku ambao umeme umekatika na feni imesimama, tofauti niliiona kwa foronya: ile ya mto wa sponji asubuhi ilikuwa imelowa, hii ilikuwa na unyevu mdogo tu upande wa shavu.

Na ukweli mwingine, mwanangu. Mto ni wa saa 7 za usiku. Saa 10 za mchana uko na cherehani. Pandisha kiti chako, au iweke meza ya mashine juu ya matofali mawili, mpaka uone sindano bila kukunja shingo. Na kama unapata ganzi mkononi, au vidole vinakosa nguvu ya kushika mkasi, usingoje mto wa mtu yeyote. Nenda hospitali wakuangalie mishipa ya fahamu.

*

*Mama Fundi, mume wangu kaletewa mto wa maganda, anaupenda, lakini kila akigeuka nasikia chakacha-chakacha. Mimi usingizi wangu mwepesi. Nifanyeje?*
Mke wa mtu, Sinza

Sauti hiyo haiondoki, dada yangu, inapungua tu. Maganda mapya yana makali ya kingo na yanasema zaidi. Baada ya miezi michache kingo zinalainika. Mshonee foronya ya ndani ya kitambaa kizito, drili au marekani ya maradufu, juu yake ndiyo uweke foronya ya kawaida ya pamba. Angalia pia kama mto haukujaa vizuri: ukiwa mlegevu maganda yanakimbia huku na huko, ukijaa yanasogea kidogo na kutulia. Wapo waliozoea mpaka wanalala kwa sauti hiyo, kama mtu aliyezoea mvua juu ya bati. Usipoizoea baada ya mwezi, mwambie kwa upendo ahamie upande wa ukutani.

*

*Habari za kazi, mama. Nilinunua mto wa maganda kwa mtu aliyehama nchi. Masika hii umeanza kunuka kama gunia la mahindi lililonyeshewa. Tena nimeona kidudu kidogo cha kahawia kwenye shuka. Nifue?*
Kijana wa Mikocheni

Usifue maganda, kijana wangu. Tafadhali sana. Kinachofuliwa ni kitambaa peke yake.

Nitakusimulia kosa langu ili usilirudie. Ule mto wa pili aliouacha yule mama niliutunza. Niliuvisha nailoni ya godoro, nikaufunga kamba, nikaupandisha juu ya kabati kabla ya masika, nikijua nimeulinda na unyevu. Kumbe niliufungia na unyevu wake ndani. Mwezi wa sita nilipoushusha harufu ilinipokea kabla sijafungua fundo. Nilipomwaga kwenye ungo, katikati kulikuwa na donge la ukubwa wa ngumi, maganda yameshikana kwa ukungu mweupe. Roho iliniuma, maana kilikuwa kitu cha zawadi. Nikayamwaga yote shimoni. Ukungu ukishashika maganda usijaribu kuuokoa mto. Utakuwa unavuta vumbi la ukungu usiku kucha, pua iko sentimita mbili kutoka hapo.

Kwa hiyo, kwanza angalia. Mwaga yote juu ya mkeka mchana kweupe. Ukiona weupe, weusi unaong'aa kwa unyevu, au madonge, tupa maganda, fua kitambaa kwa maji ya moto, utajaza mengine. Usipoona kitu na harufu ni hiyo ya ugunia tu, una bahati. Yatandaze yawe membamba, saa 3 asubuhi mpaka saa 7 mchana, uyageuze kwa mkono kila baada ya muda kama unavyoanika mpunga. Yaingize ndani yakiwa bado ya moto moto, kabla upepo wa baharini wa jioni haujaleta unyevu wake, yaache yapoe ndipo ujaze. Wajapani wenyewe wana desturi ya kuanika mito yao juani, na kwao hakuna unyevu wa pwani wa mwaka mzima kama wetu.

Harufu kidogo ya udongo na nafaka kwa mto mpya ni kawaida, inaisha kwa jua la siku mbili tatu. Inayokuja baadaye ndiyo ya kuogopa.

Kuhusu mdudu: ganda tupu halimlishi. Ukimwona mdudu ujue ndani kuna chakula, yaani mbegu zilizovunjika au unga uliobaki kwa sababu aliyeyasafisha alifanya haraka. Chukua chekeche, uchekeche viganja vitatu juu ya karatasi nyeupe. Kikianguka kivumbi cha kahawia kidogo, sawa. Ukianguka unga mweupe na vipande vya mbegu, mto huo ulijazwa vibaya tangu mwanzo. Chekecha na kupepeta yote. Ukiwa na friza, yafunge kwenye mfuko mkavu uyaache humo siku 4, wadudu na mayai yao hawavumilii baridi hiyo; halafu ndipo jua. Usipulizie dawa ya mbu wala ya mende. Hapo ndipo unapoweka uso.

Na masika ijayo ulalie kila siku, usiufungie. Asubuhi uusimamishe ubavu mahali feni inapopita.

*

*Mama, nina binti wa miaka 7 ana pumu, na mdogo wake ana miezi 8. Nimesikia mito hii ni ya asili haina kemikali, nataka niwanunulie wote wawili. Unashauri ukubwa gani?*
Mama wawili, Mbagala

Mama wawili, jibu langu ni hapana kwa wote wawili, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho.

Mdogo kwanza. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hahitaji mto wa aina yoyote. Madaktari wa watoto wanashauri alazwe chali, kwenye godoro lililo sawa na gumu kiasi, bila mto, bila midoli, bila blanketi lililolegea. Mto wa maganda una kilo zake. Ukimwangukia, hana nguvu za kuuondoa.

Sasa binti. Neno hili "asili" limewapoteza watu wengi. Upupu nao ni wa asili. Bakwiti ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio mkali kwa baadhi ya watu, mkali wa kuziba koo, na ndiyo maana sheria ya Japani inalazimisha soba itajwe kwenye maandishi ya pakiti, sawa na mayai, maziwa na karanga. Na haihitaji kula. Vumbi la maganda kwenye mto limewahi kuamsha pumu kwa watu ambao miili yao inaikataa soba, tena usiku, wakati wamelala. Huku kwetu watu wengi hawajawahi kuila, kwa hiyo hawajijui. Mtoto ambaye tayari kifua chake kina taabu usimfanyie majaribio ya kitu kama hicho.

Mpe mto mwembamba wa fiba unaofulika, mpya, si wa mtumba. Foronya ifuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana, nyuzi 60 zinaua wale wadudu wa vumbi wasioonekana, ambao ndio adui wa pumu. Hata sufi yangu ninayoisifia miaka yote simpi mtoto wa pumu ikishazeeka, inatoa vumbi.

Na kwa kila anayenisoma, mwenye pumu au asiye nayo: ukilalia mto wa maganda ukaanza kupiga chafya mfululizo, macho kuwasha, ngozi kutoka vipele, utoe chumbani siku hiyo hiyo. Midomo au uso ukivimba, au pumzi ikawa ya shida, ni hospitali mara moja, usisubiri kupambazuke.

*

*Salaam, Mama Fundi. Mimi mkulima wa mpunga Ifakara, nina shemeji Gongo la Mboto. Mashineni kwetu pumba zinarundikana mlima, watu wanachomea matofali. Tumewaza: kwa nini tuhangaike na maganda ya Wajapani? Tujaze pumba za mpunga tuuze mito Dar. Biashara italipa?*
Mkulima, Ifakara

Aleikum salaam, ndugu yangu. Swali lako nimelifurahia kuliko yote, kwa sababu nami niliwaza hivyo hivyo, na sikuishia kuwaza. Niliagiza gunia moja likaletwa na lori la mchele mpaka Buguruni.

Kwanza tuelewane maneno. Tukisema pumba tunachanganya vitu viwili: ganda la nje la mpunga, na ule unga laini unaotoka ngozi ya mchele tunaolisha kuku. Mashine za zamani za chuma zinavunja vyote pamoja na kuvitoa vimechanganyika. Mashine za rola za mpira zinavua ganda likiwa karibu zima. Gunia langu la kwanza lilikuwa la mashine ya zamani. Ule unga una mafuta, unachacha, na wadudu wanaupenda. Kwa wiki moja uani kwangu kulijaa nondo wadogo. Nikaagiza la pili, nikasisitiza mashine ya rola. Hilo lilikuwa safi.

Nikapepeta, nikachekecha, nikaanika siku 2. Barakoa usiiache: ganda la mpunga limejaa madini ya silika, yale yale yaliyomo kwenye mchanga na kioo, na vumbi lake halifai kwenye mapafu. Ndiyo maana pia ukilipitisha ganda shingoni linakwaruza. Nikashona mfuko wa ndani wa marekani maradufu, hata hivyo vincha viwili vitatu vikatoboa vikanichoma shavu usiku wa tatu. Nikaongeza tabaka la drili.

Niliulalia wiki 3. Siku za mwanzo ulikuwa mzuri, nisiseme uongo, na Wajapani nao wamewahi kutumia maganda ya mpunga kwenye mito. Lakini kila asubuhi niliukuta umepungua kimo. Nilipofungua nikaelewa. Ganda la mpunga lina umbo la mtumbwi. Mitumbwi inaingiana, mmoja ndani ya mwingine, hewa inatoka, mto unakuwa ubao. La soba lina pande tatu, haliingiani, linabaki limeshikana na mwenzake huku hewa iko katikati. Tofauti ya mito hii miwili nimeiona kwa macho yangu hapo.

Kwa hiyo msiuze mto wa kichwa. Fanyeni mto wa kukalia, hapo pumba zinafaa sana: kwa mama ntilie anayekaa kwenye kibao, kwa fundi viatu, kwa bodaboda anayesubiri abiria kijiweni. Tako halina ubishi kama shingo. Mshonee kitambaa kigumu, weka zipu ili mtu aongeze pumba zikilala, na muandike wazi kwa Kiswahili kilichomo ndani. Asitokee mmoja wenu akaubandika jina la soba. Mtu akishadanganywa kwenye kitu anacholalia hatanunua tena kwa fundi yeyote, na sisi wengine tutakula hasara hiyo pamoja nanyi.

Na kama mnataka mto wa kichwa wa mali ya hapa hapa, mbona misufi bado ipo? Nimekua nikichambua sufi Magomeni na mama yangu, pua tumezifunga khanga, nyuzi zinapaa mpaka kwenye mboga. Sufi ni nyepesi, na maji yanapata taabu kuiingia, kiasi kwamba zamani ilijazwa kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Inalala kwa wakati, ndiyo, lakini ukiianika na kuichambua upya inaamka. Mimi nimehamia maganda kwa sababu ya shingo yangu. Sufi sikuiacha kwa ubaya, na wateja wangu wengi bado naijazia hiyo.

*

*Mama, nipo Kariakoo, naagiza mizigo China. Naweza kuleta maganda hayo kwa wingi?*
Mfanyabiashara

Unaweza, China ni wakulima wakubwa wa bakwiti. Mzigo huu ni mwepesi kwa ujazo wake, na kwenye meli unalipia ujazo, kwa hiyo piga hesabu vizuri. Ukileta yaliyogandamizwa kwenye mifuko isiyo na hewa utaokoa nafasi. Haya ni mazao ya mimea, hivyo kabla hujatuma hela waulize Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, habari za kibali. Omba sampuli, ufanye ile ya karatasi nyeupe niliyomweleza kijana wa Mikocheni. Yasiyopita hapo usiyalete.

*

*Binti yangu, mimi mzee wa miaka 74, Kigamboni. Mwanangu kaniletea mto huo wa maganda kutoka safari. Naushukuru, lakini uko juu sana, kidevu kinagusa kifua, na mama yenu anasema niurudishe kabatini. Naona vibaya kumwambia mwanangu. Je, haya maganda yanakaa muda gani hata niyahangaikie?*
Mzee, Kigamboni

Shikamoo mzee wangu. Usiurudishe kabatini, na mwanao hana haja ya kujua lolote. Mto haukukosewa, ulijazwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Maganda yakitunzwa makavu yanakaa miaka kadhaa. Hayaozi ghafla, yanavunjika kidogo kidogo na kulala, na dalili yake ni kivumbi kingi ukichekecha na mto kupungua kimo. Hapo unaongeza mapya kiasi, si lazima ubadilishe yote. Kwa hiyo yanastahili kuhangaikiwa.

Mwambie mjukuu akae na wewe barazani, mto uwe ndani ya sinia kubwa ili maganda yasimwagike. Afungue zipu, atoe vikombe 3 kwa mkupuo, maana kwako umezidi sana. Lala chali kitandani, mama akuangalie kwa ubavu: uso wako uangalie dari, si miguu wala ukuta wa nyuma. Kidevu kikiwa bado kimeshuka, toa kikombe kingine. Ukihisi kichwa kinaning'inia nyuma, rudisha nusu. Kisha yasukume maganda kwa kiganja yajae upande wa chini, pale shingo inapokaa, katikati uache kishimo cha kisogo. Kwa kuwa mto ni mzito, usiunyanyue ukiwa umelala, uvute.

Maganda uliyotoa usiyatupe. Kata marekani inchi 8 kwa 14, mama ashone mfuko, ayajaze legelege na kuufunga. Mtu wa umri wenu akilala ubavu, magoti yanagongana na nyonga inavuta. Mto huo mdogo aweke katikati ya magoti. Wa kwanza ampe mama, kwa sababu yeye ndiye aliyeona kwamba kidevu chako hakikukaa sawa.